Kwa tunaotibu afya ya akili: faili liseme ulichofikiri

Vijana wanaokuja Mwanza kujifunza kazi yetu huniuliza sana juu ya kushtakiwa, na wengi hudhani hatari kubwa ni kukosea dawa. Kwa niliyoyaona kazini, hatari kubwa imo kwenye faili. Daktari anapima vizuri, anaamua vizuri, kisha anaandika: "Ana nafuu, aruhusiwe, arudi baada ya mwezi." Mgonjwa akijiua wiki inayofuata, hayo ndiyo yatakayosomwa mahakamani.

Kujiua ndiko ninakokuhofia kuliko yote. Hakuna anayeweza kukutabiri kwa uhakika, na sheria haikudai utabiri. Inakudai uangalifu wa mtu mwenye ujuzi wako. Basi ukimruhusu mgonjwa apande kivuko kurudi Nansio, andika kwamba ulimuuliza waziwazi kama anawaza kujiua, alijibu nini kwa maneno yake, anakaa na nani, nani atamtunzia vidonge, na kwa nini uliona nyumbani kunamfaa kuliko wodini. Mistari mitano inatosha. Hiyo sababu ya mwisho ndiyo wengi huiacha, nayo ndiyo yenye uzito.

Kipimo cha uzembe wa kitabibu chenyewe kilitoka kwenye fani yetu. Mwaka 1954, katika hospitali ya Friern, London, mgonjwa aitwaye Bolam alipewa tiba ya mshtuko wa umeme bila dawa ya kulegeza misuli, bila kuelezwa hatari yake, akavunjika nyonga. Mwaka 1957 alishindwa kesi, kwa kuwa wapo madaktari wenye ujuzi waliokubali utaratibu ule. Hukumu hiyo ilienea katika nchi nyingi zenye mfumo wa sheria wa Kiingereza. Mwaka 2015, katika kesi ya Montgomery, Mahakama ya Juu ya Uingereza ikasema mgonjwa aelezwe hatari ambayo mtu aliye katika hali yake angeiona ni nzito. Naiunga mkono hii ya pili kwa moyo wote. Anayemeza dawa ana haki ya kujua itamfanya nini.

Na hapa kwetu hatari hufuata kazi ya mtu. Mvuvi wa dagaa huingia ziwani usiku na taa zake. Ukimwandikia dawa ya usingizi ameze usiku, umempeleka majini akisinzia. Muulize kwanza analala saa ngapi. Mwenye kifafa aambiwe wazi asipande mtumbwi hadi kifafa kitulie, na uandike kwamba ulimwambia. Anayetumia lithiamu, dawa ya kutuliza hisia zinazopanda na kushuka kupita kiasi, akitokwa jasho juani bila kunywa maji ya kutosha, au akiharisha, dawa huweza kupanda damuni hadi ikawa sumu. Kama hana pa kupimwa kiwango hicho, mimi simwanzishii.

Mama mmoja kutoka Sengerema alikuja akilia, "Daktari, mwanangu wamemchoma sumu." Shingo ilikuwa imepinda, macho yamepanda juu. Ilikuwa haloperidoli, dawa ya kutuliza wenye wazimu mkali, aliyochomwa kwenye kituo kimoja, na dawa ya kuondoa hali ile ipo, tena hufanya kazi upesi. Hakuna aliyekuwa amemwonya, na familia ilishaanza kutafuta wakili. Sentensi moja siku ya sindano ingetosha: shingo ikikaza, mrudisheni hapahapa.

Kuhusu kulaza bila ridhaa, fuata Sheria ya Afya ya Akili ya 2008 na ukamilishe fomu kabla hujatoka zamu.

Ndugu nao wana sehemu yao. Shemeji akipiga simu kuulizia ugonjwa, usimpe siri bila ridhaa ya mgonjwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inahesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti. Lakini kumsikiliza hakuvunji siri. Mara nyingi yeye ndiye anayejua kwamba mgonjwa amegawa nyavu zake na kuaga watu. Andika alichokueleza.

Barua ya malalamiko ikifika, na inaweza kuchelewa maana madai ya madhara hufunguliwa hadi miaka 3, mwarifu mkuu wako na mwanasheria wa hospitali siku hiyohiyo. Usifute wala kuongeza neno kwenye kurasa za zamani. Ukikumbuka jambo, liandike kama nyongeza, kwa tarehe ya siku unayoandika, na saini yako.