Mbaazi puani

Juzi mama mmoja wa Mikindani kaniandikia: "Dada, wangu ana miaka miwili na nusu. Wa jirani anasoma A hadi Z, wangu hata A haijui. Nimpeleke wapi?"

Nilicheka, kisha nikanuna. Wangu alipofika umri huo nilimkimbiza chekechea. Wiki ya tatu mwalimu akaniita mbele ya wazazi wenzangu: "Huyu wako mzito." Neno hilo bado limenikaa kooni. Nilirudi na tuktuk nikilia, kesho yake nikanunua chati ya herufi, nikaibandika ukutani. Mtoto akaichana.

Aliyeniokoa ni mamangu, na yeye hana habari na chati. Akikalia mbuzi kukuna nazi, kijana yuko mbele yake: "Nipe kifuu kikubwa. Haya, kidogo. Kipi kimejaa?" Wakikunja kanga wanatafutana na rangi. Usiku ni paukwa, pakawa, na sungura yule yule, hata mtoto akawa anamsahihisha nyanyake.

Nikaiga. Kwenye feri ya Likoni twahesabu malori. "Moja, mbili, nne!" Simkosoi, narudia tu na tatu yangu. Marikiti ndimu achague yeye.

Nikajiona bingwa. Siku moja nikamwachia sinia la mbaazi na kunde atenganishe, nikaenda kugeuza mahamri. Kurudi, mbaazi iko puani. Jioni yote tulikuwa kwenye foleni ya hospitali. Kwa hivyo, shoga, aliye chini ya miaka mitatu mpe vifuu, vikombe, miiko. Punje weka mbali.

Na simu mnyang'anye. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2019: wa miaka miwili hadi minne, isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora. PP1 yenyewe, mwaka wa kwanza wa shule ya awali hapa Kenya, huanza na miaka minne, sasa wewe una haraka ya nini? Zungumza naye. Ukiosha vyombo, zungumza naye. Kwenye matatu, zungumza naye, watu wakitazama wacha watazame.

Wangu ataanza PP1 Januari. Wiki iliyopita tulipita Pembe za Ndovu, zile kubwa zinazopishana juu ya barabara ya Moi, Mombasa. Herufi niliyowahi kumwonyesha ni moja tu, ya jina lake. Akainua kichwa, akanivuta buibui: "Mama, tazama M yangu, kubwaaa!"

Mwalimu, kama wanisoma, salamu zako hizo.