Usichomoe betri kwanza: kusoma na kufuta namba za hitilafu kwenye gari la zamani

Mkuu, umeuliza kama inatosha kuchomoa betri ili taa ya injini izime kwenye Toyota yako ya 1994, maana haina soketi ya kuchomeka mashine ya kusomea hitilafu. Itazima, ndiyo. Lakini utakuwa umefuta ushahidi wote, na tatizo liko palepale. Magari ya umri huo nimeyashika kwa mikono yangu miaka mingi, kwa hiyo nakusihi uanze kwa kusoma.

Wala huhitaji mashine. Fungua boneti utafute kiboksi kidogo cha plastiki ambacho mara nyingi kimeandikwa DIAGNOSTIC. Chini ya kifuniko kuna mchoro wa matundu. Swichi ya ufunguo ikiwa imezimwa, unganisha matundu ya TE1 na E1 kwa kipande cha waya. Hapo tuliza macho, kwa sababu tundu la +B ni la umeme, na ukiligusisha na E1 unapiga shoti.

Sasa kaa kwenye kiti. Gia iwe huru, AC imezimwa, mguu usikanyage mafuta. Fungua swichi hadi ON bila kuwasha injini, uangalie dashibodi. Taa ikikonyeza haraka haraka kwa mwendo mmoja bila kupumzika, kompyuta ya injini haijahifadhi hitilafu yoyote. Ikikonyeza mara mbili, ikanyamaza kidogo, ikakonyeza mbili tena, hiyo ni 22. Kama ziko kadhaa, zinatoka kuanzia ndogo kwenda kubwa, kisha zinarudia. Ziache zizunguke mpaka uwe na uhakika, na uandike kwenye karatasi.

Hapa ndipo pesa za watu wengi zinapotea. Namba haikuambii kifaa gani kimekufa. Inakuambia ni saketi gani imepeleka taarifa ambayo kompyuta imeikataa, na saketi ni sensa (kifaa cha kupimia), plagi yake, waya wote na kompyuta yenyewe. Kuna gari nililishughulikia, asubuhi linawaka kwa taabu, likishapata moto linatulia kabisa. Namba ilikuwa 22, sensa ya joto la maji. Dalili inaeleweka: kompyuta ikikosa taarifa ya sensa hiyo, inachukulia kwamba maji yako kwenye nyuzi 80, kwa hiyo injini baridi hainyweshwi mafuta ya kutosha. Mwenye gari alishataka kununua sensa mpya. Nikachomoa plagi, pini moja imeota kutu ya kijani. Nikaipima sensa kwa mita: baridi ilisoma kilo-omu 2 na ushee, injini ilipopata moto ikashuka hadi omu mia tatu hivi. Ndivyo inavyotakiwa, sensa ni nzima. Nikasafisha pini, nikaibana plagi vizuri, na 22 haikurudi.

Ukishatengeneza ndipo ufute. Zima swichi, chomoa fyuzi iliyoandikwa EFI, ya ampea 15. Sekunde 10 zinatosha kwa kawaida, ila mimi huacha dakika nzima, hasa kukiwa na baridi. Betri iache, usije ukapoteza saa, au redio ikakudai namba ya siri. Rudisha fyuzi, toa ule waya, endesha mpaka injini ipate moto, kisha usome tena. Sailensi (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) ikiyumba kidogo mwanzoni usishtuke, kompyuta inajifunza upya.

Kwa wenye soketi ya matundu 16 (Marekani ni lazima tangu magari ya 1996, Ulaya kwa ya petroli tangu 2001), mashine ndogo inasoma namba kama P0420, pamoja na kasi na joto la injini wakati hitilafu ilipotokea. Taarifa hizo nazo hufutika, kwa hiyo ziandike. Majaribio ya ndani ya kompyuta pia yanaanza upya, ndiyo maana gari lililofutwa leo linaweza kukataliwa kwenye ukaguzi wa moshi kesho. Na magari mengi ya zamani yaliyotengenezwa kwa soko la Japani yana soketi hiyohiyo lakini hayaelewani na mashine ya kawaida, hivyo usidhani umenunua mbovu.

Kwenye magari hayo ya matundu 16, taa ikikonyeza ukiwa barabarani, injini inamisi, yaani silinda inakosa kuwaka, kiasi cha kuweza kuunguza katalisti, kile kisafisha moshi kwenye bomba la ekzosi. Punguza mwendo, simama mahali salama.

Ukipata namba zako zilete hapa, na useme dalili zinatokea injini ikiwa baridi au moto.