Kabla hujajisajili chuo cha mtandaoni, uliza nani atasoma kazi zako

Kozi yangu ya kwanza ya mtandaoni niliiacha wiki ya tatu. Haikuwa ngumu. Mhadhiri alieleza vizuri, video zilikuwa safi, na kompyuta yangu haikuwa na hitilafu yoyote. Siku niliyokosa kuingia hakuna aliyeniuliza nilikuwa wapi. Siku ya pili vilevile. Baada ya mwezi mfumo ukanitumia barua pepe ya kunikumbusha, ileile waliyotumiwa wengine wote, na sikurudi tena.

Baadaye nilimaliza shahada ya uzamili kwa njia hiyohiyo ya mtandao, na leo nafundisha wanafunzi ambao wengi wao sijawahi kuonana nao ana kwa ana. Katika shahada hiyo nilikuwa na msimamizi aliyesoma kila nilichoandika. Kwenye kazi yangu ya kwanza aliandika pembeni mwa aya ya pili: "Hapa umeniambia wengine wamesema nini. Wewe unasemaje?" Nilikaa na swali hilo siku nzima, na kazi iliyofuata niliiandika nikijua kuna mtu anaisubiri.

Mwaka 2011 Sebastian Thrun na Peter Norvig walifungua kozi ya akili bandia kutoka Chuo Kikuu cha Stanford, bure, kwa yeyote mwenye intaneti. Walijisajili watu wapatao 160,000. Waliofika mwisho walikuwa kama 20,000 na kitu. Idadi hiyo ni kubwa kuliko darasa lolote la kawaida, nami siidharau, lakini katika kila wanane waliojisajili, saba hivi waliishia njiani. Kozi huria zilizokuja baada ya hapo nyingi zimefuata mkondo huohuo. Kwa upande mwingine kuna Open University ya Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1969, enzi za redio, televisheni na vifurushi vya posta. Tangu mwanzo ilimpa mwanafunzi mkufunzi wa kumsahihishia kazi na kumwandikia maoni. Vifaa vyao vilikuwa duni kuliko simu iliyo mfukoni mwako, na bado watu walisoma wakahitimu.

Kwa hiyo unapochagua chuo, usianze na uzuri wa jukwaa lao wala wingi wa video. Waandikie ofisi ya udahili uwaulize: nani atasoma kazi zangu? Atanijibu baada ya siku ngapi? Anabeba wanafunzi wangapi? Wakikujibu kwa kukutajia mfumo badala ya mtu, tafuta kwingine. Nimewaambia hivi ndugu zangu wa damu, nami nakwambia hivyohivyo.

Ukishaingia, kazi kubwa ni yako, na hapa ndipo ninapoona vijana wengi wenye bidii wakipotea. Wanatazama mhadhara mara mbili, mara tatu, wanaona wameuelewa, kisha mtihani unawashangaza. Mwaka 2006 wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walichapisha majaribio yaliyonibadilisha namna ya kusoma. Wanafunzi walisoma maandishi. Baadhi wakayarudia kuyasoma, wengine wakafunga karatasi na kuandika walichokumbuka. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma ndio waliofanya vizuri zaidi. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojilazimisha kukumbuka waliwaacha wenzao mbali. Fanya hivyo na video. Simamisha, funga skrini, chukua karatasi, andika ulichosikia kwa maneno yako. Inachosha, na mara ya kwanza utaona aibu kwa uchache wa ulichobaki nacho. Endelea tu.

Tafuta pia wenzako wawili au watatu. Kundi la watu mia mbili kwenye simu halifai, maana huko kila mtu anasubiri mwenzake aseme. Watu watatu wanaopigiana kila wiki, siku ileile, saa ileile, wanatosha kabisa.

Wahadhiri wenzangu, nasi tuna la kurekebisha. Vyuo vilipofungwa mwaka 2020, wengi wetu tuliuchukua mhadhara wa saa mbili tukaurekodi kama ulivyo. Ilikuwa dharura, nasi tulifanya tulichoweza. Lakini dharura imepita, na rekodi zile bado zinatumika. Uchunguzi wa video za edX, jukwaa la kozi za mtandaoni, uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba watazamaji huanza kupungua sana video ikizidi dakika 6 hivi. Nilizikata zangu vipandevipande, na kila kipande nikakifuatisha na swali moja la kuandika. Tangu hapo maswali wanayoniuliza wanafunzi yamekuwa ya ndani zaidi.

Halafu imekuja ChatGPT, programu ya akili bandia inayoweza kukuandikia insha nzima, mwishoni mwa mwaka 2022. Insha ya kuandikia nyumbani haiwezi tena kunionyesha peke yake kama mwanafunzi ameelewa. Mwanafunzi wangu mmoja alileta kazi iliyonyooka kila sentensi. Nilipompigia kwa video nikamwomba anifafanulie hoja yake ya pili, alinyamaza. Sikumkaripia. Tulikaa tukaijenga upya hoja ile, kwa sauti, mpaka ikawa yake. Sasa kila kazi kubwa inafuatiwa na mazungumzo ya dakika 10, na naamini elimu ya juu ya mtandaoni inakoelekea ni huko, kwenye kumsikiliza mtu akieleza anachokijua.

Njia hii ina gharama, na vyuo vingi havipendi kuizungumzia. Wanafunzi 40, kila mmoja dakika 10, ni karibu saa 7 kwa kazi moja tu. Mkuu wa idara akikuuliza kwa nini unaomba wakufunzi zaidi ilhali masomo yako yote yapo mtandaoni, mwekee hesabu hiyo mezani.