Nyuzi zinatatana kila nikifuma rangi mbili: nifanyeje?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nafuma kofia, soksi na sweta za watoto wachanga hapa Njombe, nawauzia akina mama. Nikifuma rangi moja naenda vizuri, ila donge linanikimbia mpaka chini ya kitanda. Nikiingiza rangi ya pili ndiyo balaa. Nikifika mstari wa sita nyuzi zimeshajisokota mpaka kwenye sindano, nashinda natatua badala ya kufuma. Nimeona watu wana bakuli la mbao lenye mkato wa kupitishia uzi. Ninunue? Halafu nililetewa uzi mweupe wa sufu ambao haukuwa donge, ulikuwa kama mkufu mrefu uliosokotwa. Nilizikata kamba zilizoufunga nikaanza kufuma, sasa ni fungu tu ndani ya ndoo. Unaokoleka?

JIBU: Marahaba mwanangu. Uzi mweupe unaokoleka, nitaufikia. Bakuli usinunue kwanza.

Ukikaa kufuma leo, angalia kidole chako cha shahada pale donge linapokwama. Uzi unakaza, kidole kinabana, na vitanzi vitatu au vinne vinavyofuata vinatoka vidogo kuliko wenzao. Kwenye shuka la kitanda huenda wasione. Kwenye kofia ya mtoto wa mwezi mmoja, mstari uliobana unaonekana na unamwachia alama kwenye paji la uso. Kwa hiyo usitafute tu donge litulie, tafuta uzi ukufikie kidoleni ukiwa umeshalegea. Kabla ya kuanza kila mstari, vuta uzi kama urefu wa mikono miwili uache ulale mapajani. Ni jambo dogo, lakini nimeona wanafunzi wakibadilika wiki hiyohiyo walipolizoea.

Chombo cha kuwekea donge unacho tayari nyumbani. Ninachokipenda kuliko vyote ni birika la chai la zamani, lile la enameli: donge linakaa ndani, uzi unatokea mdomoni, na mfuniko unazuia vumbi na mikono ya watoto. Ila pitisha kwanza kipande cha pamba ndani ya mdomo wa birika ukikizungusha. Kikitoka na nyuzinyuzi zimenasa, kuna kutu au ncha mle ndani, na uzi wako utachanika vilevile. Huna birika, chukua sufuria nzito. Kikapu cha ukili ni kizuri lakini kina miiba midogo, kitandikie kanga kuukuu. Chombo kikae sakafuni, upande wa mkono unaoshika uzi, mbele kidogo ya mguu. Ukifuma garini, tumia mfuko mdogo wa kitambaa wenye kamba, uning'inize kwenye kiwiko.

Sasa namna ya kuvuta, maana hapa wengi wanakosea bila kujua. Donge linaweza kuvutwa kutoka nje au kutoka kwenye kiini. Ukivuta kutoka nje linabiringika, na ndiyo sababu linakukimbia. Ukivuta kutoka kwenye kiini linatulia, na watu wengi wanalipenda hilo. Lakini donge likiwa limetulia, kila duara la uzi linalotoka linaubadilisha msokoto wa uzi kwa mzunguko mmoja. Chukua donge ambalo duara lake ni sm 25: kila mita 1 inatoka na mizunguko 4. Ukishafuma mita 50 ni mizunguko 200, na lazima iende mahali. Uzi ama utajikunja wenyewe vifundo vifundo kama kamba ya mbuzi, ama utafumuka nyuzi zake ndogo zikaachana ukawa unazichoma kwa sindano. Ukiona dalili mojawapo, simama. Vilinde vitanzi vyako visichomoke, na kama ni kroshia, kitie kitanzi pini ya nepi. Kisha lipitishie donge pini ili lisifumuke, ushike uzi juu, uliache lining'inie. Litajizungusha lenyewe mpaka lichoke. Hapo umerudisha uzi ulivyokuwa.

Mimi kwa uzi wa akriliki wa dukani ulioviringwa kwa mashine navuta kutoka kwenye kiini, kwa sababu umetengenezwa hivyo. Ila ukibaki kama robo, ganda lile linabomoka na kutatana ghafla, kwa hiyo nawahi kuliviringa upya kwa mkono. Uzi wa pamba unaong'aa unateleza, unabomoka mapema zaidi. Huo nauvika soksi ya nailoni, nao unatoka polepole bila kuporomoka.

Turudi kwenye rangi mbili. Ulisema nyuzi zinakuwa zimejisokota ukifika mstari wa sita, na hesabu yake iko wazi. Kila ukimaliza mstari unageuza kazi nusu mzunguko. Ukigeuza daima kuelekea upande uleule, mistari 2 inasokota nyuzi zako mara moja kamili, na mistari 6 mara 3. Hakuna bakuli litakalozuia hilo. Dawa ni mkono: mwisho wa mstari wa mbele geuza kazi kama unayefungua kitabu, mwisho wa mstari wa nyuma irudishe kama unayekifunga. Unachokisokota mwanzo unakisokotoa mwisho. Siku mbili za kwanza itakubidi ujiambie kwa sauti, "fungua, funga." Baada ya hapo mkono unashika.

Madonge yenyewe yatenganishe, moja kulia kwako na jingine kushoto, kila moja na chombo chake. Kisha amua rangi ipi itapita juu na ipi itapita chini, usibadilishe mpaka umalize kazi. Ukiokota nyekundu leo juu ya nyeupe, mstari ujao chini yake, umeshazivukisha, na mchoro wa upande wa mbele nao utaonekana umeyumba. Kofia unayoifuma kwa mzunguko haina kugeuza, kwa hiyo huko ukiona nyuzi zinajisokota, kosa ni kuvukisha tu.

Kama rangi ya pili ni ua moja au duara katikati ya sweta, usilete donge zima. Kata mita 2 au 3, zungusha kwenye dole gumba na kidole cha mwisho kwa umbo la nane, kisha ufunge kiuno kwa ncha yake. Hicho tunakiita kipepeo. Kinaning'inia nyuma ya kazi, na kikijisokota na mwenzake unakichomoa tu kwa sababu hakijafungwa kwenye donge lolote.

Uzi wako mweupe ulikuwa shada. Shada halifumwi kabla ya kuviringwa, na zile kamba ulizozikata ndizo zilizokuwa zinaushika mpangilio wake. Safari nyingine lifungue, livike kwenye migongo ya viti viwili au mikono ya mtoto mwenye subira, hakikisha duara zote zimelala upande mmoja, ndipo ukate kamba, ukianza na zile zisizoshika ncha. Viringa ukiwa umeweka vidole vitatu juu ya donge, uzi upite juu ya vidole pamoja na donge, kisha uvichomoe na kulegeza. Usivute. Sufu iliyoviringwa kwa kukazwa inakaa imenyooka kwa nguvu, sweta ukilifua inarudi, na kipimo ulichokifuma kinapungua.

Kwa fungu la ndooni, litandaze juu ya kanga ya rangi nzito ili uone uzi unapopita. Lipigepige kwa viganja kutoka pembeni, likunjuke likae pana na lenye hewa. Usivute ncha yoyote, maana ukivuta tu mafundo yote yanafunga pamoja. Tafuta ncha moja, uizungushie kwenye kipande cha boksi chenye urefu wa kidole. Kipande bapa kinapita kwenye matundu ambayo donge halipiti. Ukikutana na fundo lililobana, liingize sindano butu katikati yake uinue, usilikazie pembeni. Na usijaribu kulainisha kwa maji ya moto na kusugua: sufu ikisuguliwa kwenye maji ya moto inashikana kama zulia, hapo hakuna mkono wa kuitatua.

Jipe muda, tuseme jioni mbili. Likibaki bonge lisilotaka kuachia, kata, ukiacha mkia wa sm 15 kila upande wa kuungia mwanzoni mwa mstari. Kwenye nguo za watoto usiunge kwa fundo, linamchoma mtoto akilala, ficha mikia kwa sindano ndani ya vitanzi. Vipande virefu vitatosha soksi. Vile visivyofika mita 3 viviringe vipepeo, uviweke kwa ajili ya maua.