Punje kwenye mafuta ya mgando

Kopo la kwanza la mafuta ya kupaka ngozi niliyojitengenezea lilinifurahisha siku tatu tu. Nilikuwa nimeyeyusha siagi ya shea, yaani mafuta mazito ya mbegu za mti wa shea, pamoja na mafuta ya alizeti kidogo, nikamimina koponi na kuyaacha mezani yapoe yenyewe usiku kucha. Asubuhi yalikuwa laini ajabu. Siku ya nne nachota kwa kidole, nahisi vipunje, kama mtu kanichanganyia mchanga. Nikajua nimeuziwa shea feki. Nikalitupa kopo zima.

Shea haikuwa feki. Niliyekosea ni mimi.

Siagi ya shea ni mkusanyiko wa mafuta ya aina kadhaa, na hayagandi kwa wakati mmoja. Ukiyaacha yapoe polepole, yale yanayowahi kuganda yanajitenga na kujikusanya kuwa punje, mengine yakiwa bado laini. Siku hizi nayeyusha mpaka kusiwe na hata chembe ngumu, bakuli likiwa juu ya sufuria ya maji ya moto wala si juu ya moto wenyewe. Kisha nalihamishia bakuli kwenye maji ya barafu, nakoroga bila kuacha hadi yaanze kuwa mazito, namimina koponi, naingiza kwenye friji. Na hata zikitokea, punje hazina madhara. Ukizisugua mkononi zinayeyuka. Lile kopo langu ningeliyeyusha upya tu.

Tangu hapo, kabla ya kununua chochote nauliza kwanza kinayeyuka kwenye joto gani. Mafuta ya nazi ni kama nyuzijoto 24 au 25, kwa hiyo yakiwa maji mchana na kuganda usiku, hayajaharibika. Siagi ya kakao ni kati ya 34 na 38, karibu sawa na joto la mwili: koponi ni ngumu kama sabuni, ikikaa kwenye ngozi inalegea. Nta ya nyuki inahitaji nyuzi 62 hadi 64, na ndiyo inayofanya mafuta ya midomo yasimame wima kwenye mfuko wa suruali siku ya joto.

Kwa midomo naanzia sehemu moja ya nta kwa sehemu nne za mafuta. Kwa uzito, tafadhali, si kwa kijiko! Nta iliyokatwakatwa haijai kijikoni sawa kila mara, nawe utabaki unashangaa mbona safari hii yametoka magumu. Nunua mizani ndogo ya gramu. Halafu weka kijiko cha chuma kwenye friji, na mchanganyiko ukiwa bado wa moto dondoshea tone moja juu yake. Baada ya dakika moja lisukume kwa kidole. Likikwaruza, ongeza mafuta. Likitelezateleza bila kushika, ongeza nta. Kijiko hicho kimeniokolea makopo mengi.

Jojoba, itokayo kwenye mbegu za kichaka cha jangwani, nayo ina kioja chake: watu huiita mafuta, lakini kwa kemia yake ni nta iliyo katika hali ya maji. Ndiyo maana hukaa muda mrefu bila kuchacha. Mafuta ya mbegu za zabibu ni kinyume kabisa. Niliyanunua chupa kubwa kwa tamaa ya bei, nikaiweka dirishani, na kabla sijafika nusu yakawa yananuka kama rangi ya mafuta iliyokauka. Mwanga, joto na hewa ndivyo vilivyoyamaliza. Mafuta mepesi ya namna hiyo nunua kidogo, uyafunge vizuri na kuyaweka gizani. Matone ya vitamini E husaidia kuchelewesha kuchacha.

Ila vitamini E haizuii ukungu, na hapa niliumbuka kweli. Nilitaka kuongeza maji ya shubiri kwenye mafuta yangu ili "yanyweshe" ngozi. Wiki ya pili nikafungua kopo nikakuta madoa ya kijani. Palipo na maji, bakteria na kuvu hustawi, na bila kihifadhi cha kweli hakuna kitakachowazuia. Kama hujui kutumia vihifadhi, usitie maji. Wala usichote kwa vidole vilivyolowa.

Maji yanatakiwa yawe kwenye ngozi yenyewe. Mafuta na nta hayaongezi maji mwilini. Kazi yake kubwa ni kulainisha juu na kuzuia yaliyopo yasipotee. Ndiyo maana napaka nikitoka kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu, na matone machache yananitosha. Zamani nilikuwa najipaka mengi kwenye ngozi kavu nikabaki nang'aa na kuwashwa.

Usoni, mafuta ya nazi mimi siyagusi: yalinitoa chunusi kwenye paji zima la uso. Wengine hawana shida nayo. Kuwa cha asili hakukifanyi kitu kisidhuru, kwa hiyo jaribu kwanza ndani ya mkono kwa siku mbili, na kama una mzio wa karanga au jamii ya njugu, soma chupa kwa makini. Na usiyategemee kukukinga na jua.

Kopo la midomo ninalotumia wiki hii nimelibandika karatasi: tarehe, nta gramu 10, mafuta gramu 40, "gumu kidogo". La mwezi ujao nitapunguza nta hadi 9.