Unatoka kwenye uigizaji kwenda utayarishaji? Soma kazi ya Barry Letts

Mwigizaji anayehamia upande wa utayarishaji huja akijua jambo moja barabara: hali ya mtu aliyesimama mbele ya kamera. Litamfaa siku ya kuchagua waigizaji. Gharama za studio ni somo jingine, na hapo ndipo wengi hukwama.

Barry Letts wa BBC alikuwa mwigizaji kwa miaka mingi. Alionekana hata katika filamu ya Scott of the Antarctic ya 1948. Mwaka 1967 alisomea uongozaji, akaongoza kwanza, kisha mwishoni mwa 1969 akakabidhiwa utayarishaji wa Doctor Who, tamthilia ya televisheni ya hadithi za kisayansi. Usiruke ngazi ya katikati. Inferno, mojawapo ya hadithi za Doctor Who, ilipokuwa ikirekodiwa mwaka 1970, mwongozaji Douglas Camfield aliugua, na Letts ndiye aliyeimalizia.

Sasa hesabu. Awali kilirekodiwa kipindi kimoja kila wiki. Seti inajengwa, inavunjwa, wiki inayofuata inajengwa ileile tena, na mafundi wanalipwa mara mbili. Letts akahamia kwenye vipindi viwili kwa siku mbili mfululizo, kila baada ya wiki mbili. Nawe fanya hivyo: chukua muswada, andika kila onyesho kwenye kadi yake, kisha panga kadi kwa seti badala ya kufuata mtiririko wa hadithi. Seti yenye kadi moja tu mrudishie mwandishi. Mara nyingi onyesho hilo linaweza kuhamia kwenye seti iliyopo.

Hasara yake ni mwendelezo. Ukirekodi onyesho la 4 na la 31 mchana mmoja, bandeji itahama mkono na koti litafungwa vifungo tofauti. Mtu mmoja apewe kazi hiyo tu, apige picha ya kila mwigizaji mwanzo na mwisho wa onyesho. Usimbebeshe na kazi ya chai.

Letts alipenda sana pia mbinu ya kumrekodi mtu mbele ya ukuta wa rangi moja, kisha rangi hiyo ikaondolewa na picha nyingine kuwekwa mahali pake. Ni rahisi kuliko kujenga pango, lakini ina masharti. Rangi ya ukuta isiwepo kwenye nguo, la sivyo kifua cha mwigizaji kitatoboka. Asogee mbali na ukuta, mita 2 au zaidi, ili rangi isimrudie mabegani. Ukuta uwe na taa zake, zimulike sawasawa pande zote. Kamera isitikisike, kwa sababu mandhari ya nyuma haitikisiki nayo. Nywele zilizotimka, moshi na vioo ndivyo vinavyoumbua: ukingo wake huchezacheza, na mtazamaji huuona kabla hajasikia neno lolote. Onyesho lenye moshi lipelekwe kwenye seti ya kweli, hata kama ni ghali.