Maswali ya Wasomaji: Gari la Zamani kwa Safari ya Kila Siku

SWALI: Habari za kazi wahariri. Naishi Kibaha, kazi yangu iko Kariakoo, Jumatatu hadi Jumamosi. Nimejipanga kununua gari lililokwisha kutumika hapa nchini. Dalali kanionesha matatu ambayo bei zake zinakaribiana: Passo cc 1000, IST cc 1500 na Premio cc 2000 ya D-4. Kwa macho Premio inayashinda yote. Nichukue lipi?
*Dada wa Kibaha*

JIBU: Dada yetu, chukua IST, ila iwe imepita vipimo tutakavyokutajia hapa chini.

Tuanze na mafuta. Kwenda na kurudi ni kama km 80. Kwa siku 26 za kazi unapata km 2,080 kwa mwezi, karibu km 25,000 kwa mwaka. Huo ni mwendo mkubwa kwa gari la umri huo. IST yenye afya, ukichanganya kukimbia kidogo Barabara ya Morogoro na foleni ya kuanzia Ubungo, itakupa km 12 au 13 kwa lita, yaani lita 160 hivi kwa mwezi. Premio ya cc 2000 kwenye foleni hiyohiyo inashuka hadi km 9, na hapo unazungumzia lita 230. Hizo lita 70 za ziada zizidishe kwa bei kikomo ya EWURA inayotoka kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, kisha uzidishe kwa miezi 12. Utaona bei za magari hayo hazikaribiani hata kidogo.

Halafu kuna hiyo D-4. Kwenye injini hiyo petroli inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda. Haipiti juu ya valvu za kuingizia hewa, kwa hiyo hakuna kinachoziosha, na masizi yanajijenga mwaka hadi mwaka. Dalili ni gari kutetemeka ukisimama kwenye taa, kuchelewa kuwaka asubuhi na kumisi ukikanyaga. Kuisafisha ni kufungua manifodi, na pampu yake ya mafuta ya shinikizo kubwa ni ghali. Premio ya cc 1500 yenye injini ya 1NZ, ileile ya IST na isiyo D-4, tungeijadili kwa moyo mkunjufu. Hii hapana.

Passo si gari baya. Ungekuwa unatoka Kimara tungekuambia uichukue. Ila ni nyepesi, ina silinda tatu, na kwa km 40 za kwenda, ukiwa na abiria watatu na malori ya mikoani pembeni, utaikamua kila siku. Hata hivyo Passo iliyotunzwa ni bora mara kumi kuliko IST iliyochoka, kwa hiyo vipimo hivi vifanye kwa gari lolote utakaloletewa.

Mwambie mwenye gari utakwenda saa 1 asubuhi na asiliwashe kabla hujafika. Weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto, ondoka, urudi siku nyingine, maana injini iliyokwisha kupashwa huficha mengi. Likiwa bado baridi, fungua mfuniko wa rejeta. Unachotaka kuona ni kulanti (kimiminika cha kupozea injini) safi ya rangi, nyekundu, ya waridi au ya kijani. Ukikuta maji ya kutu kama ya mtaroni, au utando wa oili juu yake, hapo pana maradhi. Mwambie aliwashe mfuniko ukiwa wazi: povu likichemka mfululizo kabla injini haijapata moto, gasketi ya silinda hedi imeungua. Angalia na chini ya mfuniko wa oili. Ute mweupe mzito kama mtindi unaweza kuwa maji yaliyoingia kwenye oili. Moshi wa bluu kwenye ekzosti ukikanyaga maana yake injini inakula oili.

Gia boksi ndiyo inayofilisi watu, ipe muda. Endesha nusu saa, simama mahali tambarare, injini ikiunguruma. Peleka gia taratibu kutoka P hadi L, rudisha P, kisha chomoa stiki ya gia boksi, futa, chovya tena. Oili iwe nyekundu kama juisi ya rozela. Ikiwa nyeusi kama chai ya rangi na inanuka kuungua, usinunue, hata ukipunguziwa. Weka D, kisha R, mguu kwenye breki: gari likikawia zaidi ya sekunde mbili kushika, au likipiga teke, jibu ni hilohilo.

Mlio wa kugonga mbele kwenye matuta ni bushi, bolijointi au shokapu, na mvumo unaoongezeka na mwendo mara nyingi ni bearingi ya gurudumu. Hayo yanatengenezeka. Yatumie kupunguza bei.

Usimalize fedha zote kwenye kununua. Bakiza angalau sehemu moja ya tano kwa oili, filta, plagi, kulanti, mikanda na pengine matairi. Tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT ubavuni mwa tairi ni wiki na mwaka wa kutengenezwa: 3117 ni wiki ya 31 ya mwaka 2017. Na injini ya 1NZ ya IST inachukua oili lita 3.7 pamoja na filta. Fundi akimimina galoni nzima ya lita 4 amezidisha; simama naye, apime kwa stiki. Kwa mwendo wako, km 5,000 za kubadilisha oili zinatimia kila baada ya miezi miwili na nusu.

SWALI: Nimepata gari la "namba E", dashibodi inasoma km 68,000. Muuzaji anasema kwa hiyo bado jipya. Ni kweli?
*Msomaji wa Mbezi*

JIBU: Kaka, herufi ya namba inaonesha lini gari limesajiliwa hapa Tanzania. Haisemi limeundwa lini. Gari la 2004 linaweza kuwa na namba E, na watu wanaongezewa bei kubwa kwa herufi tu, jambo linalotuumiza sana.

Mwaka wa kuundwa uko kwenye kadi. Uhakiki: vuta mkanda wa kiti hadi mwisho, karibu na chini utakuta kilebo chenye tarehe ya kutengenezwa mkanda. Ikipishana na kadi kwa miaka kadhaa, uliza. Kwa kilomita, tafuta stika za Kijapani za kubadilisha oili kwenye ukingo wa mlango wa dereva au chini ya boneti. Herufi huzijui, ila tarakimu unazisoma. Mwaka ukiandikwa 22, kwa mfano, ni wa kalenda yao ya Heisei; jumlisha 1988 upate 2010. Stika ikisema km 91,000 na dashibodi 68,000, kilomita zimerudishwa. Raba ya pedali ya breki iliyolika hadi chuma nayo haiendani na km 68,000.

Kabla ya kulipa, angalia namba ya gari kwenye mfumo wa polisi kama ina faini za trafiki, linganisha namba ya chesesi na kadi tarakimu kwa tarakimu, na mkamilishe kubadilisha umiliki TRA.

SWALI: Shikamooni. Nina Vitz ya 2001, natoka Usa River kwenda Arusha kila siku. Ilichemsha, fundi akatoa thamostati. Sasa taa ya bluu haizimiki na mafuta yanakwisha haraka.
*Kijana wa Usa River*

JIBU: Marahaba. Taa ya bluu inasema injini bado baridi. Thamostati hufunga maji yasiende kwenye rejeta mpaka yafike kwenye nyuzi 80 na kitu, na bila hiyo, kwa asubuhi za huko kwenu, injini haifiki joto lake. Kompyuta inaendelea kuongeza petroli ikidhani ndiyo kwanza umewasha, na unyevu haukauki ndani ya oili. Rudisha thamostati mpya.

Chanzo cha kuchemsha bado kipo. Likichemsha kwenye foleni na kupoa ukitembea, ni feni: washa AC, feni isipozunguka chunguza mota, fyuzi na rilei. Likichemsha kwenye mlima na mwendo mkali, rejeta imeziba au pampu ya maji haisukumi. Maji yakipungua bila tone chini, pima gasketi. Badilisha na mfuniko wa rejeta, kwani springi yake ikilegea maji yanachemka mapema. Mwisho, weka kulanti badala ya maji ya bomba. Hata kusiko na barafu ndiyo inayozuia kutu ndani ya injini, na kutu hiyo ndiyo huziba rejeta.